Udaktari wa Hesabu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye cherehani yako, na kwamba Dada anakusomea taratibu bila kuruka mistari kama alivyozoea. Mimi ni mzima. Hofu yangu ni juu yako, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea ya barua.

Bado nimo katika chumba kilekile, dirisha linatazama ukuta. Mwaka mzima nilikwama kwenye hesabu za chembe ndogo kuliko vumbi. Ulinifundisha kwamba tatu mara tano ni sawa na tano mara tatu. Huku sivyo, Mama. Ukipima kwanza mahali chembe ilipo, kisha mwendo wake, hupati jibu lile ambalo ungelipata kwa kuanza na mwendo. Mwalimu wangu, tunayemwita Mzee Thibitisha, aliniambia niache kutafuta maana, nikokotoe tu. Ndipo nikakumbuka ulivyonichapa kwa kukata kitambaa kabla ya kupima. Kazi ni zilezile mbili, ila ukigeuza mpangilio, gauni linakuwa tambara la meza. Nilicheka peke yangu kama mwehu, maana hatimaye nilielewa.

Nilitaka kukuandikia furaha hiyo. Lakini juzi Dada alinieleza kwamba una uvimbe kwenye titi, kwamba hospitali umeikataa katakata, na kila anayekusihi unamjibu kuwa una daktari wako mwenyewe yuko njiani, ya nini kupapaswa na wageni.

Mama, kila nikitaka kukueleza kwa simu, unaipitisha kwa majirani wanieleze maumivu ya magoti yao. Nami nikiona unavyofurahia kuitwa Mama Daktari, naahirisha hadi simu ijayo. Nimenaswa: kadiri ninavyosoma, ndivyo jina hilo linavyozidi kunibana.

Udaktari ninaousomea ni wa hesabu. Nikimaliza nitaitwa daktari, na cheti kitasema hivyo, lakini hata kudunga sindano sijui. Nikija leo hii, nitakachoweza ni kukaa kando yako na kulia. Naogopa sana, Mama. Usinisubiri. Nenda kwa daktari wa watu; aibu ya mtaa niachie mimi.

Wasalimie wote nyumbani. Nawe Dada, ukifika hapa usimpe nafasi ya kujibu. Mvalishe viatu, mwende.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako