Hata Kanada Wanangu Wasome Kayumba?

Viza zimetoka! Zote tatu, ya kwangu, ya Jovina na ya Isack, mwezi ujao tunapanda ndege kwenda Kanada kwa baba yao, na shikamoo Anti Tekla, nisamehe salamu imechelewa, furaha imeitangulia mdomoni. Naomba unisaidie mwenzio, na jina langu usilifiche kama wale wanaokuandikia gazetini wakijiita Mama Mwenye Huzuni, mie andika kabisa, Mama Jovina wa Tabata, muuza vitumbua, mke wa Gaudens.

Anti, mie niliishia darasa la saba, lakini Jovina wangu usimwone hivi, ana miaka kumi na anaongoza darasa la watoto zaidi ya mia, mwalimu wake alinisimamisha njiani akaniuliza mama, huyu mtoto unamlisha nini? Na Isack mdogo wake anasoma mabango yote ya barabarani mpaka ya waganga. Watu wanasema sie wa Bukoba tunajisifu, mie sijisifu, nasema kilichopo. Ila wanasoma Kayumba, Anti, shule ya serikali ya hapahapa mtaani, wanakwenda kwa miguu na mfagio wa chelewa mkononi, na miaka yote mie nikiwa barazani alfajiri nageuza vitumbua linapita basi la njano la shule ya kulipia, taa za ndani zinawaka, watoto wamevaa sweta na tai wamelala wameegemea vioo, laini kabisa kama mayai kwenye trei, na mie nasimama na kijiti changu natazama mpaka vitumbua vinaungua. Nilikuwaga najiambia, iko siku.

Tangu viza zitoke sijielewi. Nikifumba macho naona theluji imemwagika kila mahali kama unga wa mchele, halafu basi linakuja taratibu, halina hata mlio, Jovina anapanda na koti la bluu lenye vifungo vya dhahabu, Isack nyuma yake, wananipungia mikono, na basi linaondoka kama linaelea, nikifumbua macho nakuta mteja na sahani yake, "Mama, unaniuzia au nirudi kesho?" Makoti nimeshashonesha, yananing'inia sebuleni, kila mgeni lazima ayashike. Mtaa mzima nimeshautangazia kwamba wanangu wanakwenda shule ya kulipia Ulaya. Hata Rubabbai wa duka la vitambaa, aliyeniuzia kitambaa chenyewe, ananitania, "Mama Jovina, wewe unahamia Kanada au unahamia kwenye koti?"

Sasa juzi Gaudens kapiga simu ya video. "Mke wangu, shule nimepata, ya serikali, iko jirani na nyumba." Nikadhani mtandao unakatakata. Ya nani? "Ya serikali. Nimekwenda kuiona, nzuri, wana mwalimu maalumu wa watoto wageni wasiojua Kiingereza." Nikamwambia baba Jovina, yaani nivuke bahari yote ile ili wanangu wasome Kayumba? Niwafungashie na mifagio kabisa? Akacheka, mie sikucheka. Akasema hiyo ya kulipia inawezekana, ila iko mbali na itabidi ashike kazi ya pili, ya jioni na ya mwisho wa wiki. Ya jirani, "nitawapeleka mwenyewe kwa miguu kila asubuhi." Kwa miguu, Anti! Kanada! Nikamwambia basi shika hiyo ya pili, wanaume wenzio wanashika tatu. Akashusha macho. Jovina akaninyang'anya simu, "Baba, hiyo kazi ya pili utakuwa unarudi saa ngapi?" Akamjibu, "Mtakuwa mmelala, mama." Mtoto akanirudishia simu akatoka nje, na tangu hapo hataki hata kujaribu koti.

Gaudens anataka jibu wiki hii ili awaandikishe. Miaka minne nimelea peke yangu, nina haki ya kuchagua au sina? Nikisema ya serikali, mtaa utanicheka. Nikisema ya kulipia, mtoto kanuna na baba kanyong'onyea. Nifanyeje mwenzio?

Mama Jovina, Tabata

*

Marahaba Mama Jovina, na hongera sana. Umenifurahisha na kuniudhi kwenye barua moja, si wengi wanaoweza.

Haki unayo. Tatizo ni kwamba neno "serikali" umelisikia kwa masikio ya Tabata. Mwenzio aliyeko huko kaenda kwa miguu yake kuiona shule, wewe umeona koti. Mwambie aende tena na simu, akuonyeshe darasa, amwite na huyo mwalimu wa wageni. Uliza yote, hata ya mifagio, usione haya. Tena mtoto anayeongoza watoto mia katoka shule gani? Unamsifu yeye, halafu shule iliyomfundisha unaionea aibu!

Na wale wa kwenye basi, mama. Unasema wamelala. Alfajiri, tai shingoni, kichwa kwenye kioo. Miaka yote unawaonea wivu, hukuwahi kujiuliza wameamshwa saa ngapi?

Lakini kilichonichoma ni kingine. Jovina hakuuliza habari ya shule. Aliuliza baba atarudi saa ngapi. Baba aliondoka yeye ana miaka sita, na huyo Isack sijui kama anaikumbuka sauti ya baba yake isiyopitia kwenye simu. Wewe una ndoto yako yenye vifungo vya dhahabu, na mumeo naye anayo ya kwake, kwenye baridi ile, miaka minne: kushika mikono miwili asubuhi, mmoja kulia, mmoja kushoto, atembee nao mpaka getini. Ukimsukumia kazi ya pili utakuwa umewasafirisha watoto mpaka Kanada wakaishi tena na baba wa kwenye simu.

Kwa hiyo leo, si kesho, mpigie. Mwambie andikisha ya jirani. Muombe radhi kwa lile la "wanaume wenzio", lilikuwa neno baya sana. Halafu kamwambie Jovina kwa mdomo wako. Makoti wavae kwenye ndege wapendeze, baridi haiulizi koti ni la shule gani. Shule ikionekana haiwafai, mtaongea mwakani, mkiwa wanne mezani.

Na mtaa usiukimbie. Mwanamke kama wewe haondoki kimyakimya. Tandika mkeka, ita watu, simama uwaambie: wanangu wanakwenda shule ya serikali, baba yao atawapeleka mwenyewe. Atakayecheka acha acheke. Nami nakuja kukusikia ukisema, na nyie wasomaji wangu wa Tabata, Mtoni na kwingineko nawategemea wote: nyumbani kwa Mama Jovina, Jumapili hii, baada ya misa ya pili.