Muhogo Wowote

Jumatatu, 1 Novemba 1976

Siku ya nne bila moto. Asubuhi nusu papai na konzi ya karanga mbichi. Mchana karoti mbili na majani ya kabichi. Nimetafuna mpaka taya zinauma. Maji vikombe sita. Tumbo limejaa upepo. Darasa la tatu walikuwa wakisoma kwa sauti kubwa, nikashukuru kelele zao.

Naandika haya ili angalau hapa nisidanganye. Nina miaka arobaini na mmoja. Mjane, mwalimu wa shule ya msingi, mnene. Mwezi uliopita, kwenye semina ya walimu Kibondo, kiti kilivunjika nikiwa nimekikalia. Nilibaki sakafuni, vipande vya mbao huku na huku. Wenzangu waliinama kuniinua wakiwa wamebana midomo wasicheke. Mmoja alishindwa. Jioni mwalimu mmoja mwembamba wa huko huko akaniazima kijitabu. Kinasema moto unaua chakula. Kinasema mtu ale vibichi tu, na baadaye afunge siku tatu kwa maji matupu, uchafu wote utamtoka na unene utaufuata uchafu. Nimekisoma mara tano.

Jumatano, 3 Novemba

Kichwa kinagonga. Kijitabu kinasema ni dalili njema.

Jirani yangu Daforoza alikuwa anachemsha maharage. Harufu imeingia mpaka chumbani. Nimefunga dirisha, nikala pera, nikamchukia Daforoza kama dakika kumi hivi. Hajanikosea lolote. Alikimbia mauaji ya kwao, akavuka mpaka mwaka wa sabini na mbili na mtoto mgongoni. Mumewe hakufika. Sasa mtoto, Evelina, ana miaka mitano, na Daforoza analima peke yake shamba linalotaka watu wawili. Kila akivuna chochote, cha kwanza huja kwangu. Mimi nilimfundisha kuandika jina lake.

Ijumaa, 5 Novemba

Leo kisomo cha watu wazima. Akina mama kumi na wanne, wote wametoka shamba, udongo bado miguuni. Somo lilikuwa barua. Sikufundisha barua. Nilifundisha kijitabu.

Sijui ni nini kilinipata. Labda ni kwa sababu walisema nimepungua. Mama mmoja alisema, "Mwalimu, uso umekuwa wa msichana." Nikasimama wima. Nikawaambia moto unaua nguvu ya chakula. Nilikuwa nimechimba muhogo wa bustanini kwangu, nikaumenya mbele yao, nikautafuna mbichi. Mtamu kama njugu. Walinitazama kama mtu anayefanya miujiza. Nilipenda kutazamwa hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu Kibondo.

Daforoza akanyoosha mkono. Yeye huuliza kwa sauti ndogo. "Hata ule wetu mchungu, Mwalimu?"

Sikujua. Kwetu tulikula ndizi, muhogo mchungu nimeusikia tu. Wote kumi na wanne walikuwa wananisubiri. Nikasema, "Wowote."

Akaandika kwenye daftari lake.

Jumamosi, 6 Novemba

Nimeanguka.

Nilikwenda Kasulu kununua wino na sabuni. Nikapita dukani kwa Bi. Zainabu, mke wa muuza vitambaa, mtu wa Ujiji. Huwa ananiita nyuma tunywe chai. Leo alikuwa amepakua ugali na samaki, migebuka ya nazi. Nilisema sili. Nikasema tena. Kisha nikala. Nilikula mpaka nikakomba sahani kwa kidole. Bi. Zainabu hakucheka. Aliongeza.

Nilimweleza habari ya kijitabu nikiwa bado na mafuta midomoni. Nikamwambia nafikiria kufunga siku tatu kwa maji.

"Kwa amri ya nani?" aliuliza.

Nikasema si amri, ni kusafisha mwili.

"Sisi tunafunga mchana, magharibi tunakula. Na mgonjwa, na anayenyonyesha, na mtoto, wote wameruhusiwa kula. Hiyo yako, mwalimu wangu, anaruhusiwa nani?"

Nikanawa mikono, nikaaga. Nimerudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kama vile kutembea kungefuta kitu. Njiani nikakutana na mama mmoja wa kisomo. Akaniuliza kama bado naendelea. Nikasema naendelea.

Jumanne, 9 Novemba

Daforoza ameacha kuwasha moto mchana. Amekuja kuniambia mwenyewe, anafurahi kama mtoto. Ni msimu wa kupanda. Kuni ziko mbali, muda hana. Anammenyea Evelina vipande vya muhogo asubuhi, anaviacha kwenye bakuli, anakwenda shamba. Jioni anapika kidogo tu. Anasema yeye mwenyewe anakula kimoja viwili, vingi anamwachia mtoto, maana mtoto ndiye mwembamba, ndiye anayehitaji nguvu.

Nilijivuna. Naliandika neno hili kama lilivyo. Nilijivuna.

Alhamisi, 11 Novemba

Leo nimeanza kufunga. Maji tu. Saa nne nilikuwa mwepesi, karibu mtakatifu. Saa sita herufi za ubao zilikuwa zinaogelea. Nimemchapa mtoto mmoja kwa sababu ya kupiga chafya.

Saa kumi nimefika nyumbani, nikafunga mlango na madirisha yote mawili, nikawasha jiko la mkaa chumbani ili Daforoza asione moshi, nikapika uji. Chumba kilijaa joto na hewa nzito. Nilikunywa uji wa moto nikitokwa machozi, ulimi umeungua. Kisha nikaosha sufuria, nikaificha uvunguni mwa kitanda.

Sufuria yangu. Nyumbani kwangu. Nimeificha.

Nitafunga vizuri likizo ya Desemba. Siku tatu, labda saba.

Jumamosi, 13 Novemba

Daforoza alikuja asubuhi kabla ya kwenda shamba. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia na matope. Alisema Evelina ametapika tangu jana, na anapepesuka akitembea. Yeye pia kichwa kinamuuma.

Nilimjibu kwa maneno ya kijitabu. "Ni uchafu unatoka. Utaisha wenyewe."

"Ego, Mwalimu," alisema. Ndiyo, kwa lugha ya kwao. Akaenda.

Nilikuwa na papai mkononi. Sikuliweka hata chini. Sikutoka kwenda kumwona mtoto. Ni hatua arobaini.

Jumapili, 14 Novemba

Lazima niandike yote.

Tulikuwa kanisani. Daforoza hakuwepo. Katikati ya mahubiri tukasikia kilio, nikaijua sauti. Nilitoka nikikimbia, na unene wangu. Alikuwa njiani na Evelina mikononi. Mtoto shingo imelegea, midomo imebadilika rangi, anahema haraka haraka kama ndege aliyeshikwa. Mwili ulikuwa unamtetemeka wote, kisha ukatulia, kisha ukatetemeka tena. Matapishi kifuani, meupe, vipande vya muhogo ndani yake.

Kulikuwa na lori la maharage limesimama kwa fundi baiskeli. Dereva hakuuliza. Tulipanda juu ya magunia. Daforoza hakulia tena. Alikuwa anamsemesha mtoto Kirundi, chini chini, njia nzima. Mimi nilishika miguu ya Evelina. Ilikuwa ya baridi.

Kasulu, hospitalini, walimpeleka moja kwa moja. Walimwosha tumbo kwa mpira, wakamwekea maji ya mshipa na hewa. Nesi aliandika majina na kazi zetu, tukakaa kwenye benchi. Baadaye tabibu akatoka, kijana mwenye miwani, amechoka, amekasirika.

"Nani amempa mtoto muhogo mchungu mbichi? Hamjui ni sumu?"

Nilifungua mdomo.

Daforoza akawahi. "Nilikuwa shamba, Bwana Daktari. Mtoto ana njaa, amechimba mwenyewe."

"Mama gani wewe?" akasema tabibu. "Unamwacha mtoto bila chakula?"

Daforoza akainamisha kichwa. Tabibu alimsema kwa muda mrefu, mbele ya wagonjwa, mbele ya watu wa wodini. Alisema wakimbizi hawafundishiki. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, bega kwa bega. Nimevaa gauni la kanisani. Kisha tabibu akanigeukia, sauti ikawa laini. "Afadhali mwalimu ulikuwepo. Uwaelimishe hawa."

Nikasema, "Nitajitahidi."

Ndivyo nilivyosema.

Jumatatu, 15 Novemba

Evelina yu hai. Amefungua macho, amemwita mama yake. Dereva wa basi ndiye kaleta habari.

Nilifundisha hesabu asubuhi. Sijui nilifundisha nini. Nimekula ugali mkavu mlango ukiwa wazi. Haukuwa na ladha.

Mimi ni mwoga. Si mnene tu. Mnene ni kitu kidogo sana.

Jumatano, 17 Novemba

Nimeomba ruhusa, nimekwenda Kasulu.

Nilimtafuta tabibu kwanza, kwa sababu nilijua nikimwona Daforoza kwanza nitalia na kulia kutanitosha. Nilimkuta anasaini makaratasi. Nilimwambia: mtoto hakuchimba mwenyewe. Mama yake aliniuliza mimi kuhusu muhogo mchungu, darasani, nikamwambia wowote. Alipokuja kuniambia mtoto anatapika, nikamwambia ni uchafu unatoka. Na Jumapili nilikaa hapa nikakuacha umtukane.

Alivua miwani. Nilidhani atanipigia kelele, nilizitaka. Alisema tu, "Mwalimu mzima." Akarudi kwenye makaratasi yake.

Wodini Evelina alikuwa amekaa, anakunywa uji. Mkono ulikuwa bado unatetemeka, uji unamwagikia shuka. Daforoza alinipisha nafasi kitandani kana kwamba nimekuja kutembelea mgonjwa kama mtu yeyote. Nilipiga magoti sakafuni. Mama wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Nikamwambia Daforoza kwamba sikujua. Kwamba aliponiuliza sikujua, na niliona aibu kusema sijui mbele ya watu. Nikamwambia pia habari ya ugali wa Kasulu, na uji niliopika nimejifungia. Nilitaka ajue amemwamini mtu wa namna gani.

Alimshikia mtoto kikombe mpaka akamaliza. Akamfuta mdomo.

"Mimi nilijua," alisema. "Kwetu kila mtoto anajua. Ule mchungu unalowekwa siku tatu, nne, unaanikwa, ndipo unatwangwa. Bibi yangu alinichapa kwa hilo nikiwa kama huyu."

Nikamuuliza, kwa nini basi.

"Nilifikiri ninyi mliosoma mmeshapata dawa yake."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeipokea.

Nilimuuliza pia kwa nini alinificha kwa tabibu. Alinitazama kama hakuelewa swali. "Wangekufukuza kazi. Nani angetufundisha?"

Ijumaa, 19 Novemba

Kisomo. Walikuja wote, isipokuwa Daforoza ambaye bado yuko hospitalini. Habari ilikwishafika, lakini ilifika vibaya. Walikuwa wanamsema yeye. Mama aliyesifu uso wangu alikuwa anasema mkimbizi hana uchungu na mwana.

Nilisimama. Nikawaeleza neno kwa neno, swali lake na jibu langu. Nikawaambia yeyote aliyempa mtoto muhogo mchungu mbichi aache leo hii, na kama kuna anayeumwa aseme. Wawili walisema walionja wenyewe, wakatema kwa uchungu wake. Hakuna mtoto mwingine. Nilikaa chini.

Hakuna aliyecheka. Kibondo walicheka, nikadhani hakuna kitu kibaya zaidi ya kuchekwa.

Mama mmoja mzee, wa mwisho darasani, hajui hata kushika kalamu vizuri, akauliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, na zile herufi ni kweli?"

Nikamwambia herufi ni kweli. Alifikiri kwanza, kisha akafungua daftari. Wanne hawakufungua.

Jumatatu, 22 Novemba

Nimemwandikia mwalimu mkuu maelezo yote. Kijitabu nimekirudisha kwa mwenyewe Kibondo, kwa posta, pamoja na barua ya kurasa tatu. Labda atakisoma tena, labda atacheka. Basi.

Daforoza na mtoto wamerudi. Nilimwomba aje awafundishe wenzake kuloweka muhogo. Nilidhani nampa heshima. Alikataa.

"Wote wanajua, Mwalimu. Ni wewe tu uliyekuwa hujui."

Jumamosi, 27 Novemba

Mwalimu mkuu hakunifukuza kazi, amenipa onyo la maandishi. Wanawake wawili hawajarudi kisomoni.

Leo asubuhi nilikwenda shambani kwa Daforoza na jembe langu. Siku za hospitali zimemrudisha nyuma, majirani wamekwisha kupanda. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Alinionyesha mahali pa kuanzia. Alipiga mashimo, mimi nikafuata nikitia maharage, matatu matatu, nikifukia kwa mguu. Sikuweza kwenda naye sawa. Alikuwa akifika mwisho wa tuta ananisubiri, bila kugeuka, kisha anaanza jingine. Mgongo wangu umekatika. Mchana aliwasha mafiga, tukala viazi vya kuchemsha na chumvi. Tuliongea habari ya mvua.

Evelina anatembea, polepole, akishika vitu. Mguu wa kushoto bado mzito. Tabibu alisema huenda ukarudi kama zamani, huenda usirudi. Mtoto alilala kwenye kitenge chini ya mgomba. Jua lilipomfikia usoni niliacha mbegu, nikakivuta kitenge taratibu mpaka kwenye kivuli. Hakuamka. Nikarudi kwenye tuta.