Kikombe Nilichokikataa kwa Dada Yako

Mume wangu mpenzi, Baba Zuhura,

Usinicheke huko uliko. Mkeo siku hizi anakunywa chai bila sukari. Mimi huyu huyu, niliyekuwa nakoroga mpaka kijiko kinagoma!

Unakumbuka wakati wa vita, sukari ilipokuwa ya mgawo, ulivyorudi kutoka Dar es Salaam na kifurushi umekificha ndani ya kanzu? Tulijifungia chumbani kama wezi, tukailamba viganjani. Ukaniambia, "Mama Zuhura, chai bila sukari si maji ya kunawa tu?" Nikacheka mpaka nikapaliwa.

Halafu ikaja ile kiu yako. Mtungi naujaza asubuhi, adhuhuri mtupu. Nyuma ya nyumba, pale ulipokuwa ukienda haja ndogo, sisimizi wakajaa, nami nikawamwagia majivu nikidhani wamefuata makombo. Kidonda cha mguu kikakataa kupona. Kijiji kizima cha Kurui wakasema umekanyaga kitu, kuna mtu amekuwekea. Tukahangaika kwa waganga, huyu anatoa hiki, yule anatoa kile, mpaka ukaniacha.

Sasa nimefika umri uliokuwa nao wewe, na sisimizi wamerudi. Safari hii wamefuata mkojo wangu. Majivu sikuyagusa.

Nilikwenda Kisarawe kwa dresa, tabibu msaidizi wa zahanati. Aliuchemsha mkojo wangu pamoja na dawa ya buluu, ikageuka rangi ya tofali. Akasema, "Mama, huu ni ugonjwa wa sukari. Acha sukari kabisa, punguza ugali, kula mboga za majani, tembea kila siku. Na usitembee peku, kidonda kidogo tu kitakutesa." Nikamsimulia habari za mguu wako. Akasema yaelekea ulikuwa ugonjwa huo huo.

Basi nimeanza. Naamka naenda shambani kwa miguu, nimevaa makubazi yako, yananipwaya, wajukuu wanacheka. Matembele nimeyala mpaka najiona mbuzi. Hayo nayaweza. Lililonishinda ni dada yako.

Wajua wifi Mwajuma alivyo kwangu. Nilipougua baada ya kumzaa Zuhura, ni yeye aliyembeba mtoto mgongoni mpaka nikasimama. Nilikwenda kumwamkia kwake Chole, kijiji cha jirani, akaniwekea chai, sukari tele, kwa mapenzi yake yale yale. Nikamwambia, "Wifi, niwie radhi, sinywi."

Akaweka birika chini. "Hunywi kwangu?"

"Sinywi yenye sukari popote, wifi."

"Sema tu, Mama Zuhura. Unadhani mimi ndiye niliyemwekea kaka yangu."

Mtume! Niliapa, nililia, hakunisikiliza. Tangu siku hiyo akipita kwetu hapigi hata hodi. Sikukuu ya Idi nilipika, nikamngoja, hakuja. Iliniuma, Baba Zuhura. Nilifika mahali nikasema bora niende nikainywe hiyo chai mbele yake, yaishe, mguu uoze ukitaka. Kisha nikakumbuka harufu ya chumba chetu siku zako za mwisho, nikabaki nyumbani.

Juzi tulikusomea hitima. Alikuja, maana ni kaka yake, akakaa mbali nami. Watu walipotawanyika nilimshika mkono kwa nguvu, nikampeleka nyuma ya nyumba, nikamwonyesha sisimizi.

"Wanafuata mkojo wangu, wifi. Na wa kaka yako waliufuata. Hakurogwa na mtu. Wala wewe sikukushuku hata siku moja."

Alichuchumaa akiwatazama. Mimi nasubiri anitukane. Kumbe machozi yanamtoka.

"Na kwangu wapo," akasema. "Tangu masika. Nimwambie nani?"

Nilimkumbatia, tukalia pale pale, watu wazima na mvi zetu. Alikuwa amekuja peku, kama kawaida yake. Nimemvalisha makubazi yako arudi nayo Chole. Mimi nitatafuta mengine, usinikasirikie.

Kesho tunakwenda naye kwa dresa. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku yangu mwenyewe, kwa sababu alipoinua mguu nimvalishe, niliona kisiginoni pana kidonda. Amesema cha zamani, kitapona tu. Wewe nawe ulisema hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu akuangazie kaburi lako, mume wangu. Dada yako nitamshika mkono, sitamwachia.

Mkeo,
Mama Zuhura