Kifua cha Jumapili

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Vidonge viko kwenye kisahani, vinne. Binti yako akuangalie mpaka umeze.

Asubuhi hii nafunga geti, jirani ananiuliza, “Shemeji anaendeleaje? Jumapili nilimkuta amekaa kwenye ngazi, ameshika kifua, jasho linamtiririka.” Nikacheka kama mjinga, nikasema hajambo. Nikarudi ndani kumuuliza binti yako. Akainamisha kichwa: “Baba alisema tusikwambie, Mama. Utapiga kelele.”

Miaka kumi na tisa niko wodi ya moyo. Mgonjwa mwenye mishipa iliyoziba namjua kwa jinsi anavyovuta pumzi tu. Mgonjwa wangu nikafichwa, tena na mtoto niliyemzaa mwenyewe. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Ningekuamsha, ila niliogopa maneno ambayo yangenitoka.

~~Hospitali usije, sitaki kukuona.~~ Njoo saa nne, pamoja na binti yako. Mpande teksi, usitembee. Kifua kikibana tena kabla ya hapo, msingoje saa wala msinionee haya, piteni moja kwa moja mapokezi ya dharura.

Nesi mwenzangu atakupokea na kukupima. Mimi sitakugusa, hata vifungo vya sare vimenishinda leo. Nitakaa benchi la nje, pamoja na wake wa wagonjwa wengine.

Hasira ninazo, tena nyingi. Njoo hivyo hivyo.

Mama watoto