Msumari Uliouacha Kwenye Breki

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Mama ameniagiza nikuulize afya kabla ya neno lolote, nami nimeuliza. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Mama alitolewa plasta ya mkono Jumanne. Vidole vinafunga, ila bado hawezi kukamua nguo.

Sasa niseme lililonikalisha hapa. Barua hii nimeichana mara mbili kwa sababu ya maneno niliyoyatumia. Hii ya tatu sitaichana.

Habari ya ajali unayo. Baba alikuwa anashuka na pikipiki yako mteremko wa tangi la maji, mama nyuma amepakata sare za shule ambazo baba alikuwa amemaliza kuzishona asubuhi hiyo. Baba akavuta breki ya mbele, leva ikaenda mpaka ikagusa usukani, pikipiki isisimame. Wakaishia kwenye ukuta wa zahanati. Muuguzi akawatania kwamba angalau walijua pa kugonga.

Sababu tuliijua sote siku hiyo hiyo, au tulijidai kuijua. Shangazi alisema mbele ya baba, "Kaka yangu, uzee haupigi hodi. Mkono umelegea huo." Mimi, msomi wa nyumba, nikatwaa funguo nikazificha kwenye sanduku langu la vitabu. Na wewe ulisema kwenye simu, sote tukikusikia: "Mwambieni mzee apumzike. Breki inataka nguvu, na umri ule jamani!" Yashike maneno hayo, Kaka. Nitayarudia.

Baba hakubisha. Yule anayebishana hata na redio! Wiki haikuisha akaacha kukata vitambaa. Mkasi mkubwa ameutundika ukutani, wateja wa suti anawaelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili, na yeye amebaki na kupinda mapindo na kubadilisha zipu. Asubuhi nikiingia namkuta ameelekea ukutani, anafinya bonge la matambara kwa mkono wa kulia, anahesabu kimoyomoyo. Akinisikia hulificha mfukoni kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Wiki iliyopita niliisukuma pikipiki hadi kwa fundi, yule tunayemwita Kesho kwa kuwa kila kazi kwake ni njoo kesho. Sikwenda kutengenezewa tu, nilikwenda kugombana. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuigusa, na nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba nusura aniulie wazazi.

Alifuta mikono polepole. "Binti, mimi nilibadilisha tairi la nyuma. Ukiumwa jino utamshtaki kinyozi?"

Watu wakacheka. Kisha akanipa bisibisi. "Fungua mwenyewe, usije ukasema nimechomeka kitu."

Nikafungua. Nikauvuta ule mpira mweusi wa kuzuia vumbi unaofunika maungio ya leva. Chini yake, mahali pa bolti ambayo leva inazungukia, palikuwa na msumari. Wa inchi nne, umekatwa kwa msumeno wa chuma, ncha imekunjwa usichomoke, na umeviringishiwa utepe wa kunata ili ujaze tundu. Utepe ulikwisha kusagika, msumari ukalila tundu mpaka likawa na umbo la yai. Leva ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Ukiivuta, inamaliza safari yake bure kabla waya wa breki haujakaza.

Utepe ni wa kijani, Kaka.

Nani katika nyumba hii alinunua roli nzima ya utepe wa kijani? Nani aliviringisha mpini wa ufagio, antena ya redio, na miwani yangu ya darasa la saba hadi wenzangu wakaniita panzi? Kipande kimoja kimo ndani ya barua hii, usije ukasema nimekufananisha.

Kuweka msumari siku bolti imekukatikia njiani, naelewa. Sote tumewahi kuunga kitu kwa kitu. Lakini siku ya kuondoka ulimkabidhi baba funguo ukamwambia, "Haina hata kilema, mzee." Nami nilikuwepo, nilipiga makofi. Na siku ulipoambiwa kwamba breki haikushika, ni wewe peke yako duniani uliyejua kwa nini. Ukasema umri. Hapo ndipo penye hasira yangu.

Safari hii Fundi Kesho hakungoja kesho. Aliniongoza, nikafanya kwa mikono yangu. Tulichomoa waya, tukaitupa leva iliyolika, tukatoboa upya tundu la kishikio na kulitia bushi, kile kipete cha shaba cha kuzuia tundu lisilike. Leva mpya, bolti ya kweli, grisi, nati ya kuifunga. Mwisho tukarekebisha waya mpaka leva ikaanza kushika kabla ya kufika nusu. Vidole viwili vinatosha kuisimamisha sasa. Vidole hivi hivi vya kushika kalamu. Nilimwomba radhi fundi mbele ya wateja wale wale, akasema yameisha, nije kesho anifundishe breki ya nyuma.

Nikamrudishia baba funguo. Nikamwambia haukuwa mkono wake, leva ilikuwa imelika. Aliiminya mara moja, akatabasamu tabasamu lile alilotupa tulipofeli mitihani. "Ahsante, mama. Watoto wangu mnajua kunifariji." Akarudi kwenye zipu zake. Mkasi bado uko ukutani, funguo ziko mezani nilipoziweka.

Msumari sijamwonyesha. Umo kwenye sanduku la vitabu, pale pale nilipoficha funguo zake, kwa sababu na mimi nina dhambi yangu. Nilimhukumu baba yangu bila hata kufungua bolti moja. Nikimwambia mimi, ataona nabembeleza tu. Anayeweza kumrudishia mkono wake ni aliyeuweka msumari. Mpigie au mwandikie, lakini umwambie mwenyewe, usimtume mama wala mimi. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nitasema mimi, na sitachagua maneno.

Mama anakusalimu, anasema uvae sweta. Shangazi anakusalimu, yeye bado nimemnunia.

Baba amepita sasa hivi, ameona bahasha yenye jina lako. Amesimama kidogo, mkono mmoja mfukoni. Ameniomba nikuandikie hivi, nami naandika kama alivyosema: anakuomba radhi kwa kukuharibia pikipiki yako.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe ulimi mwepesi.

Mdogo wako akupendaye, hata kwa hasira hii,
Panzi