Fundi Amekuwa Msaidizi

Bellevue, Johannesburg

Papa mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nanyi hapo Uvira. Mgongo unasemaje? Mama bado anakukataza kukaa kwenye cherehani? Mtii, ingawa najua hutamtii. Sisi tu wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Watoto sasa hata kugombana wanagombana kwa Kizulu, mimi nabaki kutazama kama mgeni nyumbani mwangu.

Nakuandikia kwa sababu ya kazi. Hapa wanasema sheria inakuja: mishahara iwe wazi, na wanaofanya kazi moja walipwe sawa. Tulipoisikia pale Randburg, kwenye kiwanda tunachoshonea yunifomu, tulifurahi sana. Mimi na Sipho, mwenyeji wa hapa, tunakata vitambaa kwenye meza moja, lakini mshahara wake unaupita wangu mbali. Nikasema, hatimaye Mungu ametukumbuka.

Madamu, mwenye kiwanda, alijiandaa mapema. Hakumwongezea mtu mshahara. Alibadilisha majina ya kazi. Sipho akawa fundi mkataji. Sisi wageni sote tukawa wasaidizi, tukapewa kadi za kuvaa shingoni. Mimi niliyemfundisha Sipho kukata kola! Mwenyewe aliinamisha kichwa, akasema, "Eish, baba, si mimi." Najua si yeye. Madamu akasema asiyeitaka kadi mlango uko wazi, na kwamba sisi wenye karatasi za ukimbizi tunajua kazi zilivyo adimu. Tena akakataza mtu yeyote asiniite fundi.

Wiki iliyopita akamleta mshauri, mama mmoja mpole, aangalie kama kiwanda kiko tayari kwa hiyo sheria. Akawa anapita meza kwa meza, anauliza kila mtu anafanya nini. Hapo mashine ikamkwamia Neema, yule mama wa Fizi niliyemfundisha kushona. Wewe unajua kwetu: aliyekufundisha cherehani ni fundi wako mpaka kaburini. Mazoea yana taabu, Papa. Akapaza sauti, "Fundi! Kuya unisaidie!"

Nami nikaitika.

Mshauri akageuka. Neno hilo hata Wazungu wa huku wanalijua. Akasoma kadi yangu, akaniuliza taratibu, "Wewe ni fundi au msaidizi?"

Ningesema kweli, angeandika, na labda ningelipwa kama Sipho. Lakini Madamu alikuwa nyuma yake, ananitazama. Nikakumbuka kodi ya chumba, nikawakumbuka watoto. Nikasema, "Msaidizi. Wananitania tu."

Akaandika, akaendelea na wengine. Moyo uliniuma, Papa, unaniuma hata sasa. Jioni tukingoja teksi, Neema alikuwa amevimba macho. Akaniuliza, "Sasa mi nitakuita nani?"

Nisalimie Mama, na mama mdogo anayeuza samaki wa ndagala, na shemeji mchungaji, atuombee. Mdogo wangu wa mwisho mwambie asiharakishe kuja huku.

Najua wateja wakija unawaambia mwanao ni fundi mkubwa Johannesburg. Waambie tu, usiache. Ila ukinipigia simu, niite Byamungu, jina la kuzaliwa. Lile lingine ulinipa wewe mwenyewe, siku niliyoshona suti yangu ya kwanza ukaivaa kanisani, nami nimelikana mbele ya watu.

Mwanao,
Byamungu