Sahani ya Pikipiki

Alhamisi, Newala. Ukungu umekaa mjini tangu alfajiri, na hadi saa nne nilikuwa bado na sweta. Nina unyonge kidogo. Nina njaa pia.

Niandike yote, maana nimechoka kuyabeba peke yangu.

Mimi ni bwana shamba. Mwaka jana daktari wa Masasi aliniambia presha yangu iko juu, na kwamba kilo tisini na nane ni nyingi kwa mtu wa kimo changu. Nikaacha soda, nikaacha vitumbua vya asubuhi, nikaanza kwenda mashambani kwa miguu. Kwa miezi minane nikashuka hadi themanini na saba. Nikampelekea fundi suruali zangu zote azibane. Mke wangu, Mama Neema, akashauri tubakize moja, kwa tahadhari. Nikamjibu kwa maringo kwamba mwenye suruali ile hayupo tena.

Halafu mwezi wa tatu nikapewa pikipiki ya kazi.

Kwenye kula sikubadilisha kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu. Ugali ule ule wa muhogo, kisamvu kile kile, kipimo kile kile nilichopungulia. Kama kilinipunguza mwaka jana, kwa nini kininenepeshe mwaka huu? Tumbo lilipoanza kurudi nililaumu baridi. Mizani ya zahanati iliposema tisini na moja, nililaumu mizani.

Jumatatu nilikuwa shambani kwa Mama Zuhura, nikiwaonyesha wakulima namna ya kupuliza salfa ya kuzuia ugonjwa kwenye maua ya mikorosho. Nikainama kuchukua mfuko wa dawa. Suruali ikapasuka nyuma, kutoka chini hadi kwenye mkanda.

Wakulima wa huku wana adabu. Wote waliinua macho wakaangalia vilele vya mikorosho, kana kwamba ugonjwa umehamia mawinguni. Mama Zuhura akafungua kitenge chake cha juu akanipa nijifunge. Nusu saa iliyobaki nilifundisha nikiwa na tausi wawili wa kitenge kiunoni.

Watu walipotawanyika akaniletea bakuli la korosho za kukaanga, kama kawaida yake. Nikachota. Akanitazama.

"Bwana shamba, usichukie," akasema. "Zamani ulikuwa unafika hapa umechoka, unakula kiganja kimoja, basi. Siku hizi unafika hata jasho huna, na unakula viwili. Na huko ulikotoka nako umeshakula."

Alikuwa anasema kweli. Kwa miguu nilikuwa nafikia mashamba mawili kwa siku. Kwa pikipiki nafikia saba. Kila shamba lina bakuli lake, na kukataa ni kumdharau mwenyeji. Ndivyo nilivyojiambia, angalau.

Jumanne nikaenda Masasi kupima. Nesi, binti wa rika la Neema wangu, aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akanipandisha kwenye mizani. Tisini na nne. Presha nayo imepanda. Nikajitetea kwamba nakula vile vile, nikamtajia na pikipiki na korosho za wakulima.

"Baba, hilo ndilo tatizo lenyewe," akasema. "Kile kilikuwa chakula cha mtu anayetembea. Sasa wewe umekaa, inayochoka ni pikipiki. Siku ya kupanda pikipiki, punguza. Siku ya kutembea, kula kile kipimo cha zamani. Usishinde na njaa, utakuja kujilipiza jioni. Ugali ndio upunguze, mboga acha ilivyo. Na hizo korosho, viganja viwili vitatu tu vina kalori za mlo mzima."

Akaniambia mwezi ujao nisiposhuka, daktari atanianzishia vidonge. Hapo nikamkumbuka baba. Presha ilimpoozesha upande mmoja akiwa na umri huu huu wangu, na mimi ndiye niliyekuwa namlisha.

Jioni nikamsimulia Mama Neema, mpaka habari ya suruali. Hakucheka, nampa heshima yake, ingawa aliingia jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alikuwa na sahani mbili: ile yangu kubwa ya bati, na kisahani chenye maua alichokuwa akilia chakula Neema kabla hajaanza shule.

"Hii ya miguu," akasema, "na hii ya pikipiki."

Nilidhani utani. Jana nilipanda pikipiki, na jana nikala kwenye maua.

Leo nimefanya jambo la aibu. Nilizunguka vijiji vinne, vyote kwa pikipiki, na wakati wa kurudi nikawa nawaza samaki wa nazi niliyeahidiwa. Nikaiacha pikipiki dukani pale kwenye kona, nikatembea hatua kama mia mbili zilizobaki, nikaingia uani nahema kidogo.

"Pole na safari, Baba Neema," mke wangu akasema. "Umetembea?"

"Nimetembea."

Akaniangalia usoni, kisha juu kidogo ya uso.

"Na helmeti ya nini?"

Nilikuwa nimeivaa. Nimepita nayo mtaa mzima, nawasalimia watu.

Amenipakulia kwenye kisahani. Matonge manne nimeyahesabu. Mboga na samaki amenijazia kwenye bakuli pembeni bila kusema neno, na nikiri kwamba nilishiba kuliko nilivyotaka kushiba. Njaa imerudi baadaye, nilipokwenda kuichukua pikipiki. Niliuliza kama safari hiyo ya dukani inahesabika. Amesema kurudi nimerudi nimepanda.

Kesho nina mashamba mawili tu, yote ya karibu. Nitakwenda kwa miguu, na nitakwenda kwa ajili ya presha, si kwa ajili ya sahani kubwa.

Nadhani.